Udogo Asubuhi, Uwezo Mchana

Katika barabara nzima ya mafundi, seremala wa kike alikuwa mmoja tu, na wateja walimwita Mama Randa. Ubao ukipita mikononi mwake ulitoka laini hata ungeweza kuulalia bila godoro. Karakana aliachiwa na baba yake. Ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya kazi iliyokula nusu ya nafasi, na vumbi la mbao ambalo hata ukilifagia asubuhi, adhuhuri limesharudi.

Alikuwa na wafanyakazi wawili. Wa kwanza alikuwa mume wake, mtu mpole aliyekuwa karani wa ghala mpaka ghala lenyewe likafungwa. Alipokosa pa kwenda akaja kumsaidia mkewe kupiga msasa, na jina likamganda: Msasa. Mama yake mzazi hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Wenzangu watoto wao wameoa," alikuwa akiwaambia majirani, "wangu ameolewa." Bibi huyo aliishi kwa mwanawe mkubwa, tajiri wa samani, na kwa Mama Randa alifika kwenye misiba tu.

Mfanyakazi wa pili aliitwa Kamanda, fundi wa vanishi. Alipooza miguu tangu utotoni, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, na alivyokuwa akiwaamuru watu wampishe njiani ungedhani nyuma yake kuna jeshi.

Sasa, redio ikawa inatangaza kila siku kwamba serikali imetenga sehemu ya manunuzi yake kwa wafanyabiashara wadogo, wanawake na watu wenye ulemavu. Kamanda akasikia, akapiga hesabu ya haraka.

"Mama Randa, sisi ni wadogo, wewe ni mwanamke, mimi ndiyo hivi unavyoniona. Humu ndani anayekosa sifa ni Msasa peke yake."

"Mimi naweza kutoka nje wakija," alisema Msasa.

Wakaenda, Mama Randa na Kamanda, mpaka Idara ya Kuwainua Wadogo. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa mkubwa, umepakwa rangi vizuri, na hauna kiti hata kimoja. Watu walisimama wameegemea kuta kama ngazi zilizosahauliwa. Wengine walichuchumaa. Kamanda ndiye pekee aliyekaa, na watu wakawa wanamtazama kwa wivu.

"Dada," Mama Randa alimwuliza mpokezi, "mbona hakuna pa kukaa?"

"Mabenchi yako kwenye mchakato."

"Mchakato gani?"

"Tenda ya mabenchi imetengwa kwa ajili ya wanawake wenye biashara ndogo. Tumeitangaza mara kadhaa. Lakini wanaojitokeza, ama si wadogo wa kutosha, ama ni wadogo kupita kiasi."

Mama Randa akageuka akautazama ukumbi, akaupima kwa macho. "Mimi ni seremala. Mbao ninazo. Nikianza leo, wiki ijayo watu hawa wamekaa."

Mpokezi akamwangalia kwa huruma, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa anayesisitiza kwamba amepona. "Mama, kutengeneza mabenchi ni hatua ya mwisho kabisa. Kwanza tuthibitishe kwamba wewe ni mdogo. Halafu tuthibitishe kwamba unaweza. Ukiwa mdogo asiyeweza, hatukuchukui. Ukiwa unayeweza lakini si mdogo, hatukuchukui vilevile."

Kisha akaichukua kadi ya Kamanda, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Baba, kadi yako ya ulemavu imekwisha muda."

"Imekwisha muda vipi?"

"Tangu mwaka jana. Kwa sasa, kwenye mfumo, wewe si mlemavu."

Kamanda akaitazama miguu yake. "Sasa mbona yenyewe haijaambiwa?"

"Unaihuisha tu. Ni dakika chache. Ofisi iko ghorofa ya pili, ngazi zile pale."

"Na lifti?"

"Lifti iko kwenye mchakato."

Kamanda hakubishana. Aliiendesha baiskeli yake mpaka uani, akasimama chini ya madirisha ya ghorofa ya pili, akajaza kifua pumzi, akaita kwa sauti iliyowatoa njiwa paani: "Mwenye kuhuisha ulemavu, jitokeze!" Dirisha likafunguka, akatokeza bwana mmoja mwenye kikombe cha chai.

"Panda juu nikuone!"

"Ningeweza kupanda nisingekuja!"

Yule bwana akafikiri. Akanywa chai. Kisha akamwambia apunge mkono. Kamanda akapunga. Bwana akaandika kwamba mwombaji ameonekana, na baada ya muda kadi mpya ikadondoka kutoka angani, imegongwa muhuri.

Basi wakapangiwa ukaguzi. Alhamisi asubuhi Udogo, Alhamisi mchana Uwezo.

*

Asubuhi hiyo alifika Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, futi ya chuma mkononi, na kifuani kitambulisho kilichoandikwa UDOGO kwa herufi kubwa. Alisalimia vizuri, akakataa chai, akaanza kupima. Akapima mlango. Akapima meza. Akapima na kivuli cha karakana, kisha akakumbuka jua linasogea, akakifuta.

"Mbao zile ni za nini?" aliuliza, akionyesha rundo kwenye kona.

"Ni za mabenchi yenu, nikipata tenda."

"Zinaonyesha maendeleo. Mdogo hawi na akiba. Ningekuwa wewe, ningeziondoa nisizione."

Wakazibeba mbao, Mama Randa upande huu na Msasa upande ule, wakaziegemeza ukutani kwa fundi viatu wa jirani. Mkaguzi alisubiri amegeuka, akitazama dari kwa adabu.

Wakati huohuo aliingia mama muuza chai na chupa zake, kama kawaida, na nyuma yake mteja aliyefuata stuli yake. Mkaguzi akaandika haraka.

"Wafanyakazi watano."

"Hao si wafanyakazi!" Mama Randa aliruka. "Huyu anauza chai, huyu kaja kuchukua stuli!"

"Mwongozo unasema, mtu yeyote aliyekutwa chini ya paa la biashara akiwa ameshika kitu, ni mfanyakazi."

"Basi na wewe umeshika futi," alisema Kamanda.

Mkaguzi akaitazama futi. Uso ukamshuka. Akatoka nje taratibu, akasimama upande wa pili wa kizingiti, na kuanzia hapo ukaguzi wote akaufanyia barabarani, akipaza sauti kila gari lilipopita.

"Na huyo mwanamume mwenye vumbi ni nani?"

"Mume wangu."

"Hilo ni tatizo."

"Ni tatizo, lakini nimeshamzoea."

Mkaguzi akaeleza kwamba wanaume wengi huwatanguliza wake zao kwenye makaratasi, kumbe nyuma ya pazia wenye kauli ni wao. Ilibidi amhoji Msasa mwenyewe, na bila mke kumpa jibu. Mama Randa akageuka akatazama ukutani. Aliogopa, kwa sababu alimjua mumewe: mtu yule hakuwa na uwongo hata wa kumfukuzia nzi.

"Bwana," alianza Mkaguzi, "ukiona gundi imepungua unafanyaje?"

"Namwambia Mama."

"Akikataa kununua?"

"Basi nitakuwa nimeona vibaya."

"Umewahi kutoa uamuzi wowote kuhusu karakana hii? Fikiri vizuri."

Msasa akafikiri vizuri. "Mwaka juzi niliamua dirisha lipakwe kijani."

Wote wakaligeukia dirisha. Lilikuwa la bluu.

"Ulikuwa uamuzi," alisema Msasa, "ila haukupita."

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Akampa Mama Randa mkono, huku mwili wake wote ukiwa umebaki upande wa barabara. "Hongera sana, mama. Wewe ni mdogo."

Mama Randa akashukuru, lakini neno lile lilimchoma. Alikuwa ameilea karakana ile tangu baba yake alipofumba macho, ameitoa kwenye viti vya kuokoteza mpaka kwenye makabati ya harusi, na pongezi ya kwanza aliyopewa na serikali ni hiyo. Akauliza: "Na huyo wa mchana atakuja saa ngapi?"

"Saa tisa. Atataka kuona mashine ya kuranda, msumeno wa umeme, na gari la mizigo."

"Huwezi kumwambia kwamba mimi nafanya kwa mkono, na kazi yangu umeiona?"

"Hatuwasiliani."

"Kwani ni nani?"

"Ni mimi. Lakini nitakuwa Uwezo. Niliyoyaona nikiwa Udogo ni siri ya Udogo."

*

Mama Randa hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwa shemeji yake, kaka mkubwa wa Msasa, yule tajiri wa samani. Alikuwa na ukumbi wa kuuzia wenye vioo vitupu barabarani, mashine za kila aina nyuma, na lori. Alitengenezea mahoteli. Kwa ubahili alikuwa hana mpinzani, na Msasa alishasema mara nyingi kwamba kaka yake hajawahi kumwazima hata mwavuli.

Kwa hiyo Mama Randa aliingia pale amejiandaa kubembeleza. Hakuhitaji.

"Chukua, shemeji!" alisema yule bwana kabla hata hajamaliza kueleza. "Chukua mashine zote. Chukua na lori."

"Nahitaji mbili tu, shemeji, mpaka jioni."

"Mbili za nini? Sisi si familia? Chukua na makabati. Chukua vitanda. Vijana, pakieni kila kitu! Msiache hata kalenda ukutani."

Yeye mwenyewe alivua koti akabeba. Mama Randa alijikuna kichwa, akaona kuna jambo, lakini saa ilikuwa inakimbia, na ukiwa na shida hukagui meno ya anayekuchekea.

Lori lilipofika, ikadhihirika kwamba uwezo hauingii kwenye udogo. Mashine ya kuranda iliingia kwa kukwaruza mlango. Msumeno wa umeme ukaingia kwa kumbana Msasa, ambaye alikuwa ndani akielekeza, na makabati yalipofuata, Msasa akawa hana tena njia ya kutokea. Akabaki huko nyuma kwenye kona, akisikika bila kuonekana. Vitanda vikabaki vimepangwa nje barabarani, na mpita njia mmoja akauliza kama ni hospitali.

Saa tisa kamili Mkaguzi akarudi. Shati lilelile, kitambulisho kingine: UWEZO.

"Habari za mchana. Sidhani kama tumewahi kuonana," alisema.

"Hapana," alijibu Mama Randa, ambaye sasa alikuwa ameshauelewa mchezo. "Karibu."

Mkaguzi akazitazama mashine, akapiga mluzi wa heshima. "Kumbe karakana kubwa hivi! Hebu niwashie msumeno niusikie."

Soketi ya karakana ilikuwa moja, na ilikuwa huko nyuma ya makabati, na redio ya Kamanda ndiyo iliyochomekwa. Mama Randa akafungua mdomo aseme ukweli liwalo na liwe. Lakini Msasa, aliyekuwa amelisikia swali na asiyependa kumwona mkewe akiaibika, alianza kunguruma kutoka kule alikobanwa. Alinguruma kwa koo, akapandisha sauti, akaikata kama ubao umeisha, akaanza upya.

Mkaguzi akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha.

"Unafanya kazi," aliandika. "Ila una kikohozi kidogo."

"Ni wa siku nyingi," alisema Kamanda.

Mkaguzi akatazama saa. Akasema anaharakisha, ana ukaguzi mwingine wa mwombaji mwingine wa tenda hiyohiyo. Akavua kitambulisho cha Uwezo, akavaa cha Udogo, akaondoka bila kuaga, kwa sababu Udogo hakuwa amekuja mchana huo.

Hawajakaa sawa, simu ya Mama Randa ikalia. Alikuwa mama mkwe. Bibi yule hakuwa amewahi kumpigia simu tangu ndoa.

"Mkwe wangu," sauti ilikuwa ya kunong'ona, "njoo upesi huku dukani kwa shemeji yako. Wamenikalisha kwenye stuli, na kuna kijana mmoja ananiita Mkurugenzi."

*

Mama Randa na Kamanda walipofika, na Msasa nyuma yao akiwa na alama ya kabati shavuni, walikuta ukumbi wa vioo ni mweupe pe. Hakuna meza, hakuna kiti. Katikati ya sakafu, juu ya stuli moja, alikaa mama mkwe amejifunga kanga yake ya kutokea. Pembeni yake alisimama shemeji, ameshika ufagio, amevaa shati lililochanika begani. Ungemwona ungempa sadaka.

Ndipo Mama Randa alipoelewa. Shemeji naye alikuwa anaitaka ile tenda. Kampuni ameiandikisha upya kwa jina la mama yake, na siku ya kukaguliwa alihitaji ukumbi mtupu. Mali yote ilikuwa imejificha mbele ya macho ya watu, kule karakana.

Mkaguzi wa Udogo alikuwa ameshaanza. Alisimama nje ya kizingiti, futi ikining'inia.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kampuni hii ni yako?"

"Ndiyo," alisema bibi. Ilionekana wazi amefundishwa kujibu hivyo tu.

"Una wafanyakazi wangapi?"

"Ndiyo."

"Mmoja," alikohoa shemeji. "Ni mimi. Kibarua."

"Na mwenye kauli ya mwisho ni wewe, mama, si mwanamume yeyote?"

"Ndiyo."

"Unaweza kuajiri mtu na kumfukuza kazi?"

"Ndi—" Bibi akasita. Akamtazama Mkaguzi kwa mara ya kwanza. "Kumfukuza nani?"

"Mfanyakazi yeyote."

"Yeyote? Hata huyu?"

"Kama kampuni ni yako, mama, huyo ni kibarua kama vibarua wengine."

"Na hiyo karatasi yenye muhuri mkononi mwako inasema kampuni ni yangu? Si ya kuchezea? Yangu kabisa?"

"Ndiyo," alisema Mkaguzi, na safari hii neno likabadilika mdomo.

Bibi akajiweka sawa kwenye stuli. Aliutazama ukumbi, akautazama ufagio, akamtazama mwanawe kutoka viatuni mpaka utosini. Shemeji akatabasamu tabasamu la mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Weka ufagio chini," alisema bibi. "Huna kazi."

"Mama! Si tulikubaliana kwamba—"

"Mama yako yuko nyumbani. Hapa unaongea na Mkurugenzi." Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini haikurudi nyuma. "Tangu baba yenu afe nalalia kitanda kilichoegemezwa matofali. Mwanangu anauza vitanda kwa mahoteli. Kila nikimwambia, 'Kesho, mama.' Usiku nikigeuka, kitanda kinalia, naamka nikidhani ni mimi ninayelia. Leo naambiwa vitanda vyote ni vyangu. Basi nataka kimoja. Viko wapi?"

Msasa akatazama viatu vyake. Mama Randa alimwangalia yule bibi ambaye miaka yote alikuwa akimwogopa, akaona kwamba machozi yako karibu, na kwamba si ya hasira tu.

"Viko kwangu, mama," alisema. "Na mashine pia. Niliazima."

"Nani alikuazima mali yangu?"

"Kibarua wako."

"Bila kuniuliza?"

Msasa akaona amsaidie mkewe. Akamgeukia Mkaguzi. "Bwana, si umeziona mchana? Mweleze mama zilivyotunzwa."

"Mchana sikuwa mimi," alisema Mkaguzi kwa ukali.

Lakini alikuwa anaandika kwa kasi, na macho yake yalikuwa yamelowa. Alisema katika kazi yake yote amekagua kampuni nyingi za wake za watu, za mama za watu, na moja ya mtoto mchanga, na hii ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamke aliyeandikwa mmiliki akimiliki kweli. Akampa alama zote. Kisha, kwa kuwa karatasi ilibaki na nafasi, akaongeza nyingine.

Shemeji akaanza kubabaika. "Basi, mama, sawa, nimekosa. Ila kwenye hii tenda ya mabenchi tusiharibu—"

"Mabenchi? Nani kasema mimi natengeneza mabenchi?" Bibi akamgeukia Mkaguzi. "Mwanangu, mimi benchi sijui hata linaanzia wapi. Nitoe huko. Huyu mkwe wangu ndiye fundi. Nimesema mengi juu yake, lakini kazi yake hata majirani zangu wanaisifu, na mimi nanuna."

Mama Randa akahisi uso unawaka moto.

"Tatizo," alisema Mkaguzi kwa masikitiko, "ni kwamba kama mashine si zake, Uwezo atamwangusha. Bahati nzuri Uwezo hajui."

"Mimi nataka ajue," alisema Mama Randa. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Sitaki kupewa kazi kwa mngurumo wa mume wangu."

Mkaguzi akaganda. Kisha akageuka nyuma, akabadilisha kitambulisho, akageuka tena. "Uwezo anauliza: je, kuna mkataba wa kukodi mashine? Ukiwepo, inakubalika."

"Upo," alisema Mkurugenzi. "Namkodisha. Na malipo yake si fedha. Anitengenezee kitanda. Sitaki kile cha hoteli. Nataka alichotengeneza yeye."

Wakaandikiana palepale, juu ya stuli, kwa kuwa meza haikuwepo.

*

Mama Randa akapata tenda. Alitengeneza mabenchi ya mbao ngumu, yenye mgongo uliolala kidogo, pembe zote zimeviringwa ili zisimchane mtu nguo. Kamanda aliyapaka vanishi mpaka ukiinama unajiona. Siku ya kuyapeleka alitokea Mkaguzi na kitambulisho cha tatu, MAPOKEZI, akasema hayawezi kutumiwa na wananchi mpaka maofisa wayakalie kwanza kuyajaribu.

Maofisa wakashuka kutoka ghorofani mmojammoja. Wakakaa. Wakajiegemeza. Yule wa kadi za ulemavu akafumba macho. Hakuna aliyeinuka. Ilipofika mchana wakaagiza mafaili yao yaletwe chini, na kesho yake wakaleta na mihuri, kwa sababu viti vya ofisini, walisema, vinaumiza kiuno. Wananchi waliokuja walistaajabu kukuta idara nzima imepangwa ukumbini kama mboga sokoni, kila ofisa na muhuri wake mapajani. Mambo yaliyokuwa yakichukua miezi yakaanza kuchukua asubuhi moja. Waliosimama walibaki wamesimama, lakini hawakusimama sana. Na Idara, baada ya kuona kwamba mabenchi yamejaa, ikatangaza tenda ya mengine.

Shemeji alikaa nyumbani wiki mbili, kisha akaandika barua ya kuomba kazi. Mkurugenzi akamwita kwenye usaili, akamwuliza uzoefu wake, akamchukua kwa majaribio. Sharti lilikuwa aanze na kupiga msasa, chini ya uangalizi wa mdogo wake. Msasa hakujua kuamrisha, kwa hiyo kila asubuhi alimwomba kaka yake radhi kwanza, ndipo akampa ubao.

Kitanda kilichukua muda, maana bibi hakutaka kukisubiri nyumbani. Alikuja karakana kila siku baada ya chai, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, na kazi yake ikawa kuuliza. Kwa nini mbao hii imelazwa hivi? Gundi inakauka kwa nini? Mara ya kwanza Mama Randa alijibu kwa woga, kama mtu anayesahihishwa. Baadaye akazoea, akawa anamweleza bila hata kuinua kichwa.

"Mbao kavu unaijuaje?" aliuliza bibi siku moja.

Mama Randa akagonga ubao mmoja kwa kidole, kisha mwingine. "Sikiliza, mama. Huu unajibu. Huu unanung'unika."

Bibi akasogeza sikio, akagonga mwenyewe, akagonga tena. Uso ukamchanua. "Kumbe zinasema," alisema taratibu. "Na mwanangu miaka yote anauza vitu vinavyosema, hajawahi kuniambia." Kisha akavua bangili zake, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akasimama mezani. "Nipe nyundo. Nisije nikaulizwa tena nikasema ndiyo tu."

Mama Randa akampa nyundo, akamshika kiwiko kumwonyesha inavyoanguka. Kamanda akarudisha baiskeli nyuma kidogo kwa usalama wake. Msumari wa kwanza ulipinda. Bibi akaukodolea macho, akanyoosha mkono, akaomba mwingine.